Carina Ti inapiga "tik" moja tu halafu kimya, betri nimeshabadilisha, tatizo nini wakuu?

mama_shangani:
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada maana nimechoka kweli. Nina Carina Ti ya 1998, injini 5A, otomatiki, nipo nayo mwaka wa sita huu hapa Mtwara mjini na inalala nje Shangani, kutoka hapo mpaka baharini ni pua na mdomo. Tangu mwezi uliopita ukizungusha ufunguo inafanya tik, mara moja, kimya. Unarudia mara tano sita, ghafla inapiga stata vizuri kabisa na kuwaka kama haijawahi kuumwa. Asubuhi mara nyingi inawaka, ila ikishatembea ikapata moto ukizima tu, kuwasha tena ndo shughuli. Juzi nampeleka mama kliniki Ndanda tukasimama Mnazi Mmoja kununua maji, kurudi kwenye gari imegoma, tumekaa pale saa nzima na nusu mgonjwa yuko ndani anatoka jasho mpaka injini ilipopoa. Na muda wote huo taa zinawaka, redio inaimba, honi inalia vizuri!

Fundi wa kwanza alisema betri, nikanunua mpya 210,000, siku ya tatu ugonjwa ukarudi pale pale. Wa pili anasema stata imekufa nilete 150,000 anitafutie ya mtumba. Kabla sijatoa hela nyingine naomba mwenye kujua anisaidie, safari ya Ndanda ni tarehe 20 na sitaki mama akae tena barabarani.

chikongola_boy:
Dada hiyo ni stata, kaboni zimeisha, yangu ilikuwa hivyo hivyo. Ikigoma mwambie mtu aigonge stata kidogo na kishikio cha spana huku wewe unazungusha ufunguo, ikiwaka ujue ndo yenyewe. Kusukuma usijisumbue, otomatiki haistuki kwa kusukuma. Na alteneta, ile inayochaji betri, uicheki pia, washa gari halafu toa terminali moja ya betri, ikizima alteneta mbovu.

rewaya_lindi:
Dada pole sana, hasa kwa mama kukaa juani.

Kwanza kaka hapo juu, hilo la kugonga stata sawa, ila la kutoa terminali gari ikiunguruma nakuomba usimwambie mtu tena. Walifanya wazee enzi za dainamo. Gari hizi zina alteneta yenye dayodi na kompyuta ya injini, na betri ndo inayotuliza umeme, ukiitoa ghafla volti zinaruka juu zinaunguza dayodi au kompyuta yenyewe. Nimeshapokea gari zilizouliwa hivyo na inaniuma, mtu alikuwa na tatizo dogo anaondoka na kubwa. Alteneta inapimwa betri ikiwa imefungwa: injini inaunguruma, mita kwenye betri, isome kati ya 13.8 na 14.4 basi.

Sasa tik. Tik moja inamaanisha umeme mdogo wa swichi umefika na solenoidi, ile swichi kubwa iliyo kwenye stata, imevuta. Kinachokosekana ni ule mkubwa, amp mia na zaidi, wa kuzungusha injini. Ndo maana taa na redio hazikwambii kitu, zenyewe zinakula kidogo sana. Huo mkubwa unazuiwa na betri dhaifu, au waya mnene na ethi (waya za hasi za kurudisha umeme kwenye betri) zilizooza, au kopa, vile vipande vya shaba vya ndani ya solenoidi, zimelika (Toyota za umri huo nyingi zinaumwa hapo), au stata yenyewe. Mita ya kawaida ya dukani inazitenganisha kwa dakika kumi, hakuna sababu ya kununua kimoja kimoja kwa kubahatisha.

Weka mita kwenye volti za DC, 20. Gusa vichwa vya betri vyenyewe, sio terminali zinazovikamata. Gari iliyolala iwe 12.6 au karibu na hapo, ikisoma 12.2 betri iko nusu. Halafu wakati imegoma mtu azungushe ufunguo wewe uangalie mita. Ikiporomoka chini ya 9.6, betri dhaifu au stata inakula umeme kupita kiasi. Ikibaki 12 na gari inafanya tik tu, betri haina kosa, umeme umekosa njia. Hapo sasa weka ncha nyeusi ya mita kwenye kichwa cha hasi, nyekundu kwenye chuma kilicho wazi cha injini, zungusha ufunguo tena. Haitakiwi kuzidi 0.5, ikizidi ni ethi. Kama iko safi fanya vivyo hivyo upande wa chanya, kutoka kichwa cha betri mpaka boliti ya waya mnene kwenye stata. Pande zote mbili zikiwa safi ndo tuiseme stata, na hata hapo inashushwa inawekwa kopa mpya, hiyo ya mtumba kopa zake nazo huzijui.

Jingine, gari ikigoma ingali baridi ushike waya wa eksileta ule wa chuma, uniambie kama una joto.

Handbreki juu, gia P, na kitenge kikae mbali na mkanda wa injini.

mama_shangani:
Mrejesho. Nimeazima mita kwa jirani anayetengeneza friji. Leo asubuhi imegoma ikiwa baridi kabisa, nikaona Mungu kanipa nafasi. Betri 12.5, mwanangu akizungusha ufunguo inashuka kidogo tu 12.1, tik. Hasi mpaka injini imesoma 4.3!! Nimerudia mara tatu nikidhani nimekosea. Na huo waya wa eksileta ulikuwa na joto, mwanangu naye kaushika akasema mama mbona wa moto na gari haijawaka?

rewaya_lindi:
Umemkamata huyo. 4.3 ni ethi, tena imeoza sana. Umeme wa stata umekosa njia ya kurudi kwenye betri, unajipenyeza kwenye waya wa eksileta ambao haukuumbiwa kazi hiyo, ndo maana unachemka. Usiendelee kuijaribu jaribu utaunguza huo waya.

Hakikisha hivi: chukua waya mmoja wa kubusti, banika upande mmoja kichwa cha hasi cha betri, mwingine kwenye chuma kinene cha injini, piga stata. Ikiwaka hapo hapo, stata yako nzima.

chikongola_boy:
Mkuu hilo la waya wa eksileta sikuwahi kulisikia, asante. Na la terminali nimelipokea.

mama_shangani:
Imewaka mara ya kwanza na waya wa kubusti, nimezima nimewasha mara nne haijafanya tik hata moja!! Fundi kaja kutoa waya wa hasi unaoenda kwenye giaboksi. Kwa nje ulionekana mzima, raba nyeusi haina hata mpasuko, ila karibu na boliti ulikuwa umevimba kidogo kama kidole kilichochomwa na mwiba. Kachana raba kwa wembe, ndani unga wa kijani umejaa, nyuzi zinakatika ukizigusa, zilizobaki nzima nimehesabu hazifiki kumi. Tumeweka waya mpya mnene, tumekwangua giaboksi kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, tumepaka grisi juu. Waya na ufundi 25,000 tu.

rewaya_lindi:
Safi sana dada. Chumvi ya pwani hiyo, inaingia pale waya unapobanwa na boliti halafu inapanda ndani kwa ndani chini ya raba, huku Lindi nazikata kama hizo kila wakati. Kuna ka-waya kembamba kanatoka hasi kwenda kwenye bodi, kachaneni nako kidogo mwangalie ndani. Na kabla ya tarehe 20 pima ile ya 13.8 mpaka 14.4 injini ikiunguruma, taa zote zikiwa zimewashwa.

mama_shangani:
Kembamba nako kijani, tumebadilisha. Inasoma 14.1 na taa zote.