Wakuu msaada: kama neuroligini ni gundi ya sinapsi, mbona panya asiye nayo bado ana sinapsi?

Kinyonga03
Habari za jioni wakuu. Nipo mwaka wa tatu udaktari. Jumatatu nawasilisha darasani mada ya protini zinazoshikanisha seli kwenye sinapsi (pale neva mbili zinapokutana kupeana ujumbe) na uhusiano wake na kiunzi cha seli, yaani nyuzi zinazoipa seli umbo. Slaidi zipo tayari: neureksini upande unaotuma ujumbe, neuroligini upande unaopokea, zinakutana kwenye mwanya wa kama nanometa 20, zinashikana, sinapsi inasimama. Chini nimechora aktini, moja ya nyuzi za kiunzi hicho.

Mwalimu kapitia, kauliza swali moja tu. Panya waliozaliwa bila neuroligini 1, 2 na 3 wana sinapsi karibu idadi ya kawaida, ila wanakufa muda mfupi baada ya kuzaliwa kwa kushindwa kupumua. "Gundi hakuna, vilivyogundishwa vipo. Nieleze."

Nipangeje hii mada? Dakika nilizonazo ni 15. Nawasilisha.

Mpiga_Soga
Nimefungua nikidhani ni gundi ya viatu. Naweka kambi, wajuvi waje.

Mzee wa Hipokampasi
Mdogo wangu, mwalimu wako kakupa zawadi. Hilo jaribio ni la mwaka 2006, anza nalo, na hilo neno gundi lifute kabisa.

Pale kwenye mwanya protini za kushikanisha ni nyingi, mbali na neuroligini kuna kadherini, kuna SynCAM, kuna LRRTM. Ukiondoa familia moja, nyingine zinashikilia. Kinachopotea ni kazi ya mkia wa neuroligini, ule unaoingia ndani ya seli. Mkia huo unaishika PSD-95, protini iliyo kama jukwaa, na PSD-95 ndiyo inayosaidia kuviweka vipokezi vya glutamati (kemikali ya kuamsha) mahali pake. Kupitia protini nyingine, Shank na Homer, mtandao huo unafika hadi kwenye aktini. Neuroligini 2 iko kwenye sinapsi za kutuliza, huko inafanya kazi na protini ya gefirini kukusanya vipokezi vya kemikali za kutuliza, GABA na glisini. Sasa fikiria shina la ubongo, kunakotoka mdundo wa kupumua: sinapsi zimejengwa, vipokezi havikukusanyika inavyotakiwa, ujumbe unapita kwa shida. Mtoto wa panya hapumui.

Kisha waoneshe jaribio la mwaka 2000, lililokuja na jibu linaloonekana kinyume. Watafiti walichukua seli zisizo za neva, wakazifanya zitengeneze neuroligini, wakazilaza pamoja na neva. Aksoni zilipozigusa zikaanza kujenga sehemu za kutolea ujumbe, vifuko vya kemikali za ujumbe vikiwemo, mbele ya seli ambayo haina habari na mambo ya neva! Yaani neuroligini inaweza kuuamsha upande wa pili, lakini mwilini sinapsi huanza hata bila yenyewe. Kazi isiyo na mbadala ni kuikomaza ifanye kazi. Hapo umemjibu mwalimu.

Fundi Maabara
Mzee nakubali, ila kijana asiondoke akiamini kushikana si kitu. Kadherini-N inashikana na mwenzake wa ng'ambo kalsiamu ikiwepo, na ndani inaunganishwa na aktini kupitia protini za katenini beta na alfa. Ukiondoa katenini alfa ya neva, miiba ya dendriti (vijitokezo vya upande unaopokea ujumbe) inahangaika, haitulii.

Halafu Kinyonga, hiyo aktini usiichore kama chuma kilichosimama. Sehemu kubwa ya aktini ya mwiba inavunjwa na kujengwa upya ndani ya dakika moja hivi. Sinapsi ikiimarishwa kwa kutumika, aktini inaongezeka na mwiba unanenepa. Weka latrunkulini, kemikali iliyotolewa kwenye sifongo wa Bahari ya Shamu, aktini ishindwe kujengeka: uimara ule haudumu. Mimi ningetumia nusu ya muda hapa.

Kinyonga03
Asanteni sana wakuu. Fundi, mikrotubuli, vile vijibomba vya kiunzi cha seli, niweke wapi? Nahisi zimekaa pembeni tu kwenye slaidi zangu.

Dada Nesi
Mdogo wangu, mimi nipo wodi ya saratani, nisikilize. Tunawapa dawa ya vinkristini watoto wenye saratani ya Burkitt, na watu wazima wenye ya Kaposi. Baada ya muda anakwambia vidole vina ganzi, choo hakipati, wengine mguu unaburuzika. Dawa hiyo inakamata tubulini, protini inayounda mikrotubuli, nazo zinavurugika. Kinesini, protini ya kubeba mizigo, inatembea juu ya mikrotubuli ikibeba malighafi ya vifuko kutoka kwenye mwili wa seli ya neva hadi mwisho wa aksoni, kasi ikifika milimita 400 kwa siku. Neva ya mguuni ina urefu wa karibu mita nzima, ndiyo maana shida huanzia miguuni na vidoleni. Waanzie na mgonjwa huyo, hakuna atakayesinzia.

Mzee wa Hipokampasi
Dada Nesi safi sana. Ila Kinyonga, usiseme vinkristini inaua sinapsi. Kinachoumia kwanza ni aksoni yenyewe kuanzia ncha za mbali, sinapsi inafuata. Mwalimu wa aina hiyo atakubana hapo hapo.

Na akihamia kwenye sinapsi za neva na misuli, huko neureksini si nyota. Jibu ni protini ya agrini kutoka kwenye neva, inayoshika LRP4 kwenye msuli, LRP4 inaamsha MuSK, halafu rapsini inakusanya vipokezi vya asetilikolini, kemikali ya ujumbe wa huko. Baadhi ya wagonjwa wa miasthenia gravisi (ugonjwa wa misuli kulegea) wana kingamwili dhidi ya MuSK hiyo hiyo. Slaidi moja inatosha, iweke mwisho kabisa, usiifungue mpaka uulizwe.