Kucha za jeli nyeupe zimeingia madoa: nisafishe mwenyewe, nipigwe topkoti upya au nitoe zote? Sendofu ni Jumamosi

MamaAika_Sakina
Habari zenu wapendwa, naombeni ushauri wa haraka maana muda umenibana. Jumamosi kuna sendofu ya mdogo wangu huko Moshi na mimi ndo dada mkubwa, ntakuwa namshika mkono anaingia ukumbini, kwa hiyo kucha zitaonekana kwenye kila picha. Sasa kucha zangu za jeli zimeingia madoa. Nimepiga hesabu naona njia tatu: nisafishe mwenyewe nyumbani kwa spiriti au asetoni, au nirudi kwa fundi azipige msasa juu juu apake topkoti mpya, ile tabaka ya juu ya kung'arisha (kaniambia 8,000), au nitoe zote nianze upya kwa 30,000, na hapo mchango wa kamati bado sijamaliza. Ipi bora jamani? Nijibuni leo leo.

nuru_ngaramtoni
Toa zote shosti. Doa likishaingia kwenye jeli halitoki, utapoteza hiyo 8,000 afu 30,000 uitoe palepale.

fundi_kucha_Majengo
Dada pole, lakini hujatuambia chochote cha kukusaidia. Ni jeli gani, ile rangi inayolowekwa kwenye asetoni ikatoka au jeli ngumu ya kujengea? Au ni akriliki? Rangi gani? Ina siku ngapi? Na doa limetokana na nini, hilo ndo kubwa kuliko yote. Doa la hina, la rangi ya nywele, la suruali ya jinzi mpya na la binzari manjano kila moja lina njia yake. Nuru usimkatishe tamaa mwenzio kabla hatujajua.

Shangazi_wa_Rau
Kamua ndimu uchanganye na magadi kidogo usugue na mswaki mkuukuu. Mimi ndo natumia miaka yote na kucha zinang'aa.

MamaAika_Sakina
Samahanini nilikuwa na haraka. Ni ile inayolowekwa, nyeupe ya maziwa, ina siku tisa. Jumapili tulikuwa Kibosho kwa mama mkwe, nikamenya ndizi za machalari, mkungu mzima karibu niliumaliza peke yangu, afu jioni nikakanda kuku na binzari manjano kwa mkono. Nilivyonawa kwa sabuni ya mche ile njano ikageuka nyekundu nyekundu nikashtuka kweli, nikadhani nimeumia. Sasa hivi juu ni njano kama chai ya maziwa, na ukingoni kwa ngozi na kwenye ncha kuna kahawia nzito.

fundi_kucha_Majengo
Sasa tumeelewana. Una madoa mawili tofauti, usiyatibu kama moja. Hiyo kugeuka nyekundu ndo ushahidi kwamba ni manjano, manjano ikikutana na sabuni kali au magadi inabadilika rangi hivyo hivyo. Maji hayaitoi vizuri, inayeyuka kwenye spiriti na kwenye mafuta. Chukua pamba, loweka spiriti, futa kucha moja tu taratibu kama nusu dakika afu angalia pamba. Pamba ikitoka na njano basi doa liko juu na unaweza kulipunguza mwenyewe. Pamba ikitoka nyeupe, rangi imeshazama kwenye topkoti na hapo kazi ni ya msasa. Ile kahawia ni utomvu wa ndizi, ukikutana na hewa unaganda unakuwa mweusi, huo spiriti haitauweza sana.

LindaKambi
Na usisahau jua. Nguo ikiingia mchuzi wa manjano si unaianika juani inapauka yenyewe? Kucha nazo ni vilevile. Kaa nje na mikono yako mchana, siku mbili utaona tofauti.

nuru_ngaramtoni
Jua lipi Linda, mwezi huu wa saba hapa Arusha? Tangu Jumatatu Mlima Meru hatujauona.

LindaKambi
Hata mwanga wa dirishani unasaidia ila polepole. Tena hili la madoa nalijua vizuri kwa sababu nafanya kazi ya kupeleka wageni mbugani, kucha zangu zilikuwa zinakuwa njano kila safari nikalaumu fundi miezi mingi, kumbe ni losheni ya kujikinga na jua. Zile zenye avobenzoni zinageuza jeli nyeupe kuwa njano. Siku hizi nikishajipaka nanawa vidole, nasugua hadi chini ya kucha, na tatizo limekwisha.

Shangazi_wa_Rau
Mbona mmeruka ndimu yangu?

fundi_kucha_Majengo
Shangazi shikamoo. Sijairuka kwa dharau. Magadi ndo yatazidisha ule wekundu wa manjano, na punje zake zinakwaruza topkoti, ikishakwaruzika inashika uchafu zaidi. Na ndimu kwenye ngozi afu mtu akatoka juani inaunguza, nimeona mteja ana mabaka meusi mkononi kwa ajili hiyohiyo. Kwa huyu tunayemwambia akae juani ndo kabisa asiguse ndimu.

Shangazi_wa_Rau
Marahaba. Hilo la jua sikulijua. Lakini ndimu kwa utomvu wa ndizi inafanya kazi, mikono yetu sisi tumeitoa hivyo tangu tuko wadogo.

Eliamani_dada
MamaAika nakuomba kwa moyo wote usiguse asetoni. Ngoja nikusimulie yaliyonikuta mwaka jana. Nilikuwa na jeli ya pinki mpauko, doa lilitokana na piko, tulikuwa tunampamba bibi harusi nikashika karatasi ya piko vibaya. Nikasema doa dogo tu, nikachovya pamba kwenye asetoni nikasugua. Sekunde chache kucha ikawa laini juu, inanata, nyuzi za pamba zikaganda mle mle, nikijaribu kuzichomoa zinaacha mistari. Mng'ao ukaisha. Nikasema basi nivae glovu kesho nitaenda saluni, lakini usiku nikala pilau kwa mkono na ile kucha iliyolainika ikanywa mafuta yote ya pilau, ikawa rangi ya chungwa kabisa. Ndo nikapata hasira, nikakaa kitandani nikaanza kuzibandua moja moja kwa kucha ya dole gumba. Zilitoka. Ila zilitoka na kucha yangu, nikiangalia ile jeli upande wa chini naona utando mweupe ni kucha yangu mimi imekwanguka. Kidole cha shahada kikawa chembamba kama karatasi, kikiguswa na maji ya moto nalia. Kucha inakua kama milimita tatu tu kwa mwezi, kwa hiyo nilikaa karibu nusu mwaka nikisubiri ile sehemu mbovu isogee hadi nikaikata. Asetoni ni ya kutolea jeli, si ya kusafishia.

nuru_ngaramtoni
Pole sana Eliamani. Sasa si bora atoe zote vizuri saluni kama nilivyosema?

Eliamani_dada
Kutoa na kubandika tena baada ya siku tisa nako ni kuichosha kucha, inalowekwa dakika kumi na tano, inakwanguliwa, inapigwa msasa tena. Kama doa liko juu tu kuna haja gani?

Mkulima_Kiboriloni
Wadada naomba niulize kwa nia njema, mtu mwenye kucha za 30,000 anapewaje mkungu mzima amenye peke yake? Mama mkwe hakuziona?

MamaAika_Sakina
Aliziona kaka, tena alizisifia. Lakini mimi ndo mke wa mtoto wa kwanza, siwezi kukaa nimekunja mikono wakati mama wa miaka sabini anamenya.

Mkulima_Kiboriloni
Nimekuelewa dada, umefanya vema. Basi ungejipaka mafuta ya kula mikononi kabla, bibi yangu alikuwa anatufundisha hivyo na anamenyea ndani ya maji. Utomvu haushiki kabisa.

LindaKambi
Hiyo ya mafuta ni kweli kwa ndizi. Ila kwa manjano ni kinyume chake, mafuta ndo yanabeba ile rangi hadi kwenye jeli. Kwa hiyo ukimenya paka mafuta, ukikanda viungo nawa mafuta yote kwanza au vaa glovu.

nuru_ngaramtoni
Si mafuta yanabandua jeli?

fundi_kucha_Majengo
Yanabandua yakiwepo kwenye kucha kabla ya kupaka. Ikishakauka vizuri kwenye taa hayana shida. Na hapo kwenye "ikishakauka vizuri" ndo penye mchawi. Topkoti nyingi zikitoka kwenye taa zinabaki na utando unaonata juu kwa sababu hewa inazuia ile tabaka ya mwisho isikauke, fundi anatakiwa aufute kwa spiriti. Akiwa na haraka, au taa imechoka, au kapaka nene, jeli haiivi na jeli isiyoiva inakunywa kila kitu. MamaAika, siku ile fundi alikufuta? Na alipitisha topkoti hadi kwenye ncha ya kucha? Hiyo kahawia ya nchani inanitia shaka.

MamaAika_Sakina
Umeme ulikatika katikati dada. Mkono wa kulia ulikauka vizuri, wa kushoto tulisubiri urudi akamalizia kidogo akaniambia inatosha. Na nikiangalia sasa hivi, wa kushoto ndo umeharibika zaidi!

Eliamani_dada
Basi ndo hapo.

Jeska_TZ
Na muulize fundi wako, chupa yake ina TPO, ile kemikali ya kufanya jeli ikauke kwenye taa? Ulaya wameipiga marufuku kwenye vipodozi tangu 1 Septemba 2025.

fundi_kucha_Majengo
Hilo ni la afya Jeska, na ni vizuri kuuliza, mimi nimebadilisha chupa zangu. Lakini halihusiani na madoa. Jeli isiyoiva ikigusa ngozi mara kwa mara nayo inaleta mzio, mtu anawashwa vidole hadi kope, kwa hiyo mkono wa kushoto usiuache hivyo.

MamaAika_Sakina
Nimefuta na spiriti sasa hivi. Mkono wa kulia pamba imetoka njano kabisa na kucha zimerudi karibu kama mwanzo, nimefurahi mno. Wa kushoto pamba imetoka njano kidogo tu na kucha bado, kahawia haijagusika. Sasa nifanye topkoti mikono yote miwili au nitoe wa kushoto peke yake? Rangi zitalingana?

nuru_ngaramtoni
Hazitalingana. Toa zote.

fundi_kucha_Majengo
Ile chupa ileile akiwa nayo zitalingana, nyeupe ya maziwa haipishani sana. Ila mwambie aanze na msasa laini wa 240 kwenye kidole kimoja cha kushoto, kahawia ikiondoka na vumbi basi topkoti inatosha.

Eliamani_dada
Na asikutoze mkono wa kushoto, kosa lilikuwa lake.

Mkulima_Kiboriloni
Umeme ukikatika fundi afanyeje jamani, naye ana kodi ya fremu.

Eliamani_dada
Amwambie mteja ukweli, "rudi kesho nikumalizie". Hilo tu.

Shangazi_wa_Rau
MamaAika, sendofu ni ukumbi gani? Na hizo glovu za kukandia viungo zinauzwa wapi, nimezunguka Mbuyuni yote naona za hospitali tu, zinachanika.

LindaKambi
Shangazi za hospitali chukua zile za bluu, vaa mbili mbili. Za kuoshea vyombo hazishiki nyama vizuri.