Bordeaux au Côtes du Rhône kwa luwombo na muchomo?

Mpishi_Ntinda
Wakuu, habari. Jumamosi kuna wageni, jumla tutakuwa sita. Mezani kutakuwa na luwombo (chakula kilichofungwa na kupikwa ndani ya majani ya ndizi) ya kuku kwa mchuzi wa karanga, matooke, na mbavu za mbuzi za muchomo, yaani za kuchoma. Chupa ni mbili za mvinyo mwekundu wa Ufaransa: Bordeaux ya 2019 (kilevi 13.5%) na Côtes du Rhône ya 2021 (14%). Bordeaux ya aina hiyohiyo ikinyweka na mchuzi wa karanga inakausha mdomo na kuacha uchungu. Ni mvinyo mbovu au chakula hakiendani nao? Na chupa inaonjwaje kabla ya kuwamiminia watu?

Kizibuo
Ubovu ni jambo jingine, ssebo. Bordeaux nyekundu huwa ni zabibu za Merlot na Cabernet Sauvignon, na Cabernet ina tanini nyingi. Tanini hutoka kwenye maganda na kokwa za zabibu, hushikana na protini za mate, mate yanapoteza utelezi, ndipo fizi zinapopata ukakasi. Karanga nazo zinagandia ulimi na zina utamu kidogo, na utamu wa chakula huufanya mvinyo mkavu (usio na utamu) uzidi uchungu. Ukitia kamulali (pilipili kali) ndo basi, maana pilipili na kilevi vinachocheana.

Kwa hiyo Bordeaux iende kwa mbavu, zile zenye mafuta na chumvi ya kutosha. Protini na mafuta ya nyama hupunguza makali ya tanini, na chumvi hulainisha uchungu. Nyama konda iliyokaukia kwenye mkaa haitakusaidia kitu.

Nnyabo_wa_Jinja
Kabla ya chakula, angalieni joto. Lebo zinaposema "joto la chumba" msidhani ni chumba cha Kampala mchana. Mvinyo wa nyuzi 26 unanuka kilevi tu na ladha yake inalegea. Bordeaux inataka 16 hadi 18, Côtes du Rhône 15 au 16. Chovya chupa hadi shingoni kwenye ndoo ya barafu na maji, nusu kwa nusu, dakika 10 hadi 12. Barafu peke yake inachelewesha kwa sababu haigusi chupa yote. Friji itachukua karibu saa moja. Ikizidi baridi, tanini zinakuwa kali zaidi, basi iache mezani kidogo.

Kuonja: mimina theluthi ya glasi, inamisha juu ya karatasi nyeupe. Ukingo wa zambarau ni mvinyo mchanga. Ukielekea rangi ya tofali, umri umesogea. Nusa kwanza bila kutikisa, kisha zungusha glasi unuse tena. Piga funda dogo, vuta hewa kidogo kupitia midomo, zungusha mdomoni kwa sekunde kama tano. Mate yakijaa pembeni mwa ulimi, huo ni uchachu. Fizi zikikauka, tanini. Koo likiwaka, kilevi. Usionje baada ya dawa ya meno wala kahawa.

Ubovu utaujua puani: kadibodi iliyolowa ni kizibo kibovu, na hewa haitautibu. Harufu ya jamu iliyopikwa mno, pamoja na kizibo kilichosukumwa juu au kuvuja, ni chupa iliyopigwa joto. Dukani epuka zilizosimama dirishani juani.

Mkaa_na_Chumvi
Naafiki, ila Bordeaux ya 2019 ifunguliwe mapema na imiminwe yote kwenye jagi, nusu saa hadi saa nzima. Kung'oa kizibo tu na kuiacha chupa wazi ni kujidanganya, shingo ni nyembamba, hewa haiingii. Hiyo Côtes du Rhône ndiyo ya luwombo: zabibu zake za Grenache zina ladha nyingi ya matunda na tanini laini, na zile za Syrah mara nyingi zina harufu ya pilipili manga inayoelewana na moshi wa majani ya ndizi. Ila punguza kamulali, 14% si mchezo.

Mpishi_Ntinda
Asanteni. Mgeni mmoja hali nyama, atapewa sangara wa kukaanga. Naye apewe Rhône?

Kizibuo
Hapana. Chuma kilichomo kwenye mvinyo mwekundu kikikutana na mafuta ya samaki huleta ladha ya shombo na bati. Mtafutie mweupe mkavu. Akishikilia mwekundu, Beaujolais (mwekundu mwepesi wa Ufaransa) ya nyuzi 12 hadi 14, tanini zake ni chache, na aminye ndimu juu ya samaki. Chupa mbili kwa watu watano waliobaki ni glasi mbili za mililita 125 kila mmoja, na kinabaki cha kesho. Kizibo kirudi, chupa iingie friji, imalizwe ndani ya siku mbili tatu.