Mwarobaini, manjano na shubiri kwa upele na mapunye ya watoto: naomba vipimo

bustani_ya_uani

Wakuu, salaam. Mimi ni mama wa watoto wawili, wa miaka 4 na 9. Mdogo anajikuna sana usiku, ana vipele katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono na kiunoni. Mkubwa ana mabaka mawili ya mviringo kichwani, nywele zimekatika hapo na kuna magamba meupe.

Uani nina mwarobaini mkubwa, na shubiri nimeipanda kwenye makopo. Manjano mabichi yanapatikana sokoni. Kila ninayemuuliza ananiambia "chemsha uwaogeshe", ila hakuna anayesema majani kiasi gani, maji kiasi gani, wala siku ngapi. Wengine wanasema nikamulie ndimu ili dawa iingie ndani ya ngozi. Naomba vipimo na namna ya kuandaa, na kama dawa moja inawafaa wote wawili. Halafu mdogo ana kikohozi cha mafua: je, nimpe na maji ya mwarobaini anywe?

Kinu_na_Mchi

Dada, kwa maelezo yako hayo ni magonjwa mawili, usiyatibu kwa sufuria moja. Mdogo dalili zake ni za upele hasa, ule wa utitiri unaochimba vijia chini ya ngozi. Mkubwa ni mapunye, fangasi wa kichwani. Upele mwarobaini unaweza kuusaidia. Mapunye hauyawezi, na wapo humu watakaoeleza vizuri kwa nini.

Kabla ya kuchuma, hakikisha mti wako ni mwarobaini kweli. Mmelia hufanana nao ukiutazama kwa mbali, na matunda yake ni sumu. Shika jani zima na kikonyo chake: la mwarobaini lina vijani vilivyopangwa kulia na kushoto kwa mhimili mmoja tu, kingo zake zina meno kama msumeno, na kila kijani kimepinda kidogo kama mundu. La mmelia mhimili wake unatoa vijiti vingine pembeni, na vijani vimeshika kwenye hivyo vijiti. Maua ya mwarobaini ni meupe, ya mmelia yana rangi ya zambarau.

Kwa upele, usianze na maji ya kuchemsha. Maji huoshea ngozi na kupoza muwasho, ila hayakai mwilini muda wa kutosha. Kinachotumika ni rojo. Kipimo ni sehemu nne za majani mabichi kwa sehemu moja ya manjano mabichi, kwa uzito. Mtoto wa miaka 4, gramu 120 za majani na gramu 30 za manjano zinatosha kumpaka mara moja. Chuma majani yaliyokomaa lakini bado ya kijani, si yale machanga mekundu wala yaliyoanza njano. Ondoa vikonyo vyote, osha mara mbili, kung'uta maji. Menya manjano, katakata, twanga vyote pamoja mpaka visionekane nyuzi. Ongeza maji kijiko kimoja kimoja cha chakula, viwili au vitatu basi. Rojo likiwa jepesi linatiririka na kuanguka sakafuni. Likiwa na nyuzi linakwaruza vipele na kuvifungua.

Mpake jioni, baada ya kuoga na kukauka, kucha zikiwa zimekatwa. Paka kuanzia shingoni hadi nyayo: chini ya kucha, kitovuni, kwapani, kwenye mikunjo ya mapaja, makalioni, katikati ya vidole vya miguu. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanapaka panapowasha tu, utitiri uko na mahali ambapo bado hapajawasha. Acha likauke, saa moja hadi mbili, kisha msuuze kwa maji ya uvuguvugu. Rudia kila siku. Mahali palipochubuka au penye usaha paruke. Mvalishe nguo chakavu, maana manjano hayatoki kwenye shuka.

Kuna utafiti wa India uliochapishwa mwaka 1992: watu 814 walipakwa rojo la mwarobaini na manjano, na asilimia 97 walipona kati ya siku ya 3 na ya 15. Ni matokeo mazuri, lakini hapakuwa na kundi lililopewa dawa nyingine ili kulinganisha. Kwa hiyo usiitumie habari hiyo kukataa dawa ya hospitali.

mfamasia_wa_mtaani

Naongezea pale alipoishia Kinu, maana rojo likiwa zuri namna gani, bila haya upele utarudi.

Anayeambukizwa upele kwa mara ya kwanza huanza kuwashwa baada ya wiki 2 hadi 6. Muda wote huo anaambukiza wenzake huku anajiona mzima. Kwa hiyo atibiwe kila anayelala nyumba hiyo, usiku ule ule, hata asiyejikuna: baba, mama, dada wa kazi, mgeni. Ukimtibu mtoto leo na wewe wiki ijayo, mtakuwa mnarudishiana.

Nguo, shuka, mataulo na vyandarua vya siku tatu zilizopita vifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Kisichofulika, kama blanketi zito, kifunge kwenye mfuko wa plastiki siku nne. Utitiri hauishi zaidi ya siku mbili au tatu nje ya mwili wa mtu. Hakuna haja ya kunyunyizia godoro dawa ya wadudu. Hiyo inamdhuru mtoto bure.

Ikiwa mtoto hajapata nafuu ndani ya wiki moja ya rojo, nunua BBE, benzili benzoeti ya asilimia 25. Ni nguvu ya mtu mzima hiyo. Mtoto wa miaka 2 hadi 12 changanya sehemu moja ya dawa na sehemu moja ya maji. Chini ya miaka 2, sehemu moja ya dawa kwa tatu za maji, na mwonyeshe muuguzi kwanza. Wanaoilalamikia kwamba inaunguza wengi wamempaka mtoto bila kuipunguza, au wameipaka juu ya vidonda. Na usipake BBE na rojo siku moja.

Dalili ya kukimbilia kituo cha afya bila kusubiri dawa yoyote: vipele vyenye usaha, homa, uso kuvimba asubuhi, au mkojo kuwa mchache na wa rangi ya chai. Bakteria wanaoingia kwenye vidonda vya upele wanaweza kuharibu figo za mtoto. Hilo watu hawaambiwi, wanaona upele ni ugonjwa wa uchafu tu. Si wa uchafu. Unaambukizwa kwa kugusana ngozi kwa ngozi, hata kwenye nyumba safi.

Sasa mapunye. Fangasi wake hawakai juu ya ngozi tu, wanaingia ndani ya unywele wenyewe mpaka kwenye shina lake. Mwarobaini, kitunguu saumu, mafuta ya taa (tafadhali usithubutu), hata krimu za dukani, vyote vinaishia juu. Mabaka yanapungua magamba, mzazi anafurahi, mwezi ujao yako vile vile. Mapunye yanahitaji vidonge: griseofulvin, kwa kawaida wiki 6 hadi 8, dozi kwa uzito wa mtoto, apewe baada ya chakula chenye mafuta kama maziwa au karanga ili mwili uipokee. Kamilisha wiki zote hata nywele zikianza kuota. Kichana, kofia na taulo viwe vyake peke yake, na ukimnyoa kinyozini hakikisha mashine imesafishwa kwa dawa kabla na baada.

Likitokea jipu laini, lenye maumivu, linatoa usaha kichwani, usilikamue wala usilipasue. Hayo ni mapunye makali, na wakichelewa kutibu nywele hazioti tena hapo.

Mtoto_wa_Pwani

Kuhusu ndimu, dada, acha kabisa. Maji ya ndimu au limau yakikaa kwenye ngozi kisha ngozi ikapigwa na jua, huunguza. Si asidi peke yake. Ganda na maji ya ndimu vina kemikali inayoamshwa na mwanga wa jua. Hutaona kitu siku hiyo. Kesho au keshokutwa kunatokea wekundu na malengelenge, halafu weusi unaobaki miezi. Mtoto anapakwa ndimu asubuhi, anacheza nje mpaka adhuhuri, watu wanasema "dawa inatoa ugonjwa". Ni kuungua. Kitunguu saumu kibichi kikifungwa kwenye ngozi nacho huunguza vivyo hivyo, hata bila jua.

Shubiri yako ina kazi, ila si ya kuua utitiri. Ni ya kupoza: baada ya kusuuza rojo, kwenye harara, kwenye ngozi iliyokaukiana kwa kujikuna. Kata jani la nje, nene, chini kabisa karibu na shina. Lisimamishe ndani ya kikombe, upande uliokatwa chini, dakika 15. Utaona utomvu wa njano unachuruzika. Huo umwage. Ndio unaowasha ngozi, na ukimezwa unaharisha kwa msokoto mkali wa tumbo. Mjamzito asiuguse kabisa kwa kunywa. Kisha osha jani, chonga miiba ya pembeni, fungua kama unavyofungua samaki, kwangua ute mweupe, usuuze tena kwa maji safi. Ute ukiwa bado una rangi ya njano, hujaosha vya kutosha. Wengi wanaosema "shubiri imenichoma" wamevunja jani na kupaka hapo hapo, utomvu na ute pamoja.

Uwe ni ute wa siku hiyo. Kwenye friji, ndani ya chupa iliyochemshwa, unakaa siku 5 hadi 7. Ukibadilika rangi kuwa ya waridi au kahawia, mwaga.

Na shubiri mwitu inayoota porini si lazima iwe sawa na ya makopo. Aina nyingine ni chungu tupu, ute haba, na baadhi zina sumu. Kama yako uliichimba porini, usiitumie kwa mtoto.

bustani_ya_uani

Shukrani sana wakuu. Shubiri nilipewa mche na jirani, maua yake ya njano. Maswali mawili: rojo naweza kutengeneza la wiki nzima? Na kikohozi hamjanijibu.

Kinu_na_Mchi

Rojo tengeneza kila siku. Likilala linachachuka na kutoa harufu. Ukitaka kitu cha kukaa, tengeneza mafuta: kausha majani kivulini siku 5 hadi 7 mpaka yavunjike ukiyafinya. Gramu 30 za majani makavu, mafuta ya nazi robo lita, ndani ya bakuli lililowekwa juu ya sufuria ya maji yanayochemka polepole, saa mbili. Chuja kwa kitambaa kikavu, tia kwenye chupa kavu yenye rangi. Yanakaa miezi mitatu. Majani yakiwa na unyevu hata kidogo mafuta yanaota koga. Haya ni ya ngozi kavu na ya muwasho unaobaki, si badala ya rojo.

Kabla ya kupaka chochote kipya, paka kidogo ndani ya mkono wake na usubiri saa 24. Kukiwa na wekundu au uvimbe, dawa hiyo si yake.

mfamasia_wa_mtaani

Maji ya mwarobaini usimnyweshe. Mafuta ya mbegu zake ndiyo mabaya zaidi: yamewahi kuwasababishia watoto wadogo kutapika, degedege na kupoteza fahamu, hata kwa kiasi kidogo. Majani si makali hivyo, lakini hakuna kipimo salama kinachojulikana kwa mtoto wa miaka 4, na kikohozi cha mafua hakihitaji. Mjamzito asinywe, na mwenye kisukari anayetumia dawa awe mwangalifu kwa sababu huweza kushusha sukari zaidi.

Mpe asali, kijiko kimoja cha chai kabla ya kulala, peke yake au kwenye maji ya uvuguvugu yenye tangawizi kidogo. Mtoto aliyepita mwaka mmoja tu. Chini ya hapo asali ni hatari kwake. Usimfukize kwenye sufuria ya mvuke, sufuria hupinduka na mtoto akaungua vibaya. Hesabu pumzi zake akiwa ametulia, dakika nzima kwa saa: zikifika 40 au zaidi, au kifua kinabonyea chini ya mbavu akivuta hewa, mpeleke kituoni usiku huo huo.

bustani_ya_uani

Mrejesho, siku ya 6. Tumepakwa wote wanne, nguo zimefuliwa. Mkubwa ameanzishiwa vidonge. Mdogo vipele vimekauka, lakini bado anajikuna usiku. Niongeze mara mbili kwa siku?

Kinu_na_Mchi

Usiongeze. Muwasho hubaki wiki 2 hadi 4 hata utitiri ukiwa umekufa wote, kwa sababu ngozi bado inapambana na mabaki yao. Ukizidisha rojo ngozi inakauka, inawasha zaidi, nawe unadhani upele haujaisha. Punguza kujikuna kwa ute wa shubiri au mafuta ya nazi jioni. Angalia kitu kimoja tu: vipele vipya, au vistari vyembamba vipya katikati ya vidole. Visipotokea, acha rojo siku ya 15. Vikitokea, nenda kwenye BBE kwa vipimo alivyoandika mfamasia, tena nyumba nzima usiku mmoja.