Pawabenki ya 50,000 mAh ina saruji ndani, na muuzaji ananiambia nisome risiti

Wazee, leo sina salamu ndefu. Nimekasirika mpaka mikono inatetemeka, chuma ya kulehemu nimeizima kwanza nisije nikajichoma.

Mimi niko Arua, Uganda. Naokoteza betri za laptop zilizokufa, natoa zile seli ambazo bado zina uhai, nazifanyia taa na vikorokoro vingine, na jioni watu wa mtaani wananiletea simu nawachajia kwa sola kwa shilingi 500. Si biashara ya kunijengea nyumba, ni ugonjwa tu wa kupenda vitu vya umeme. Sasa mwezi uliopita nilishuka Kampala kwenye harusi ya binamu nikasema ngoja nipite zile arkedi, yale majengo ya maduka ya simu, ninunue pawabenki ya maana ya siku za mvua sola ikigoma, kijana wa duka akanitolea moja nyeusi, nzito, ina kioo cha namba mbele, imeandikwa 50,000 mAh, yaani kiasi cha umeme inachobeba, kwa maandishi makubwa kama bango la uchaguzi. Akaniambia bosi hii unachaji wiki nzima na hata kwenye ndege unapanda nayo. Alitaka 85,000, nikabembeleza mpaka 70,000, nikaongeza waya mbili za type-C za mita mbili zilizoandikwa 120W (wati 120), kila moja 15,000. Nikalipa, nikapewa risiti, nikaenda kupanda basi la usiku nikijiona mjanja wa mjini.

Hapo kwenye ndege ndipo mtu mwenye akili angeshtuka, na mimi najiita fundi! Chukua 50,000 mAh zidisha kwa volti 3.7 ya seli, unapata wati-saa 185. Ndege wanakuruhusu mpaka 100 bila maneno, kuanzia 100 mpaka 160 unaomba ruhusa ya shirika, ukipita 160 hupandi nayo kabisa. Maana yake pawabenki yoyote inayozidi kama 27,000 mAh tayari ina maswali uwanjani. Yule kijana kumbe kwenye ndege alisema ukweli, namba ndiyo ilikuwa uongo.

Basi likatoka. Kufika Bombo kioo kinasema asilimia 100. Luwero 100. Nikamwonyesha mama mmoja niliyekaa naye siti moja, nikamwambia mama kitu hiki nachaji nacho wiki nzima, akatikisa kichwa kwa heshima. Kufika Kafu ikawa 64, nikasema labda basi linatikisika. Karuma ikaandika 3, halafu giza. Simu yangu ilipanda kutoka 12 mpaka 71 tu! Hebu waza, Karuma, kwenye bwawa la megawati 600, basi linapunguza mwendo darajani, umeme wote ule uko pale chini kwenye maji na mimi nimeshika kitu kimekufa mkononi. Yule mama akaniuliza polepole, mwanangu, wiki imeisha?

Nimefika nyumbani hata chai sikunywa. Nikaichaji mpaka ikasema 100, nikachomeka kamita kangu ka USB na mzigo wa ampea 1, nikakaa. Baada ya saa tatu na dakika tisa, chali. Kamita kanasoma 3,150 mAh kwa volti 5. Najua kuna watakaokuja hapa kunifundisha kwamba namba ya kwenye boksi ni ya volti 3.7 na kupandisha mpaka 5 kuna upotevu, asanteni, hiyo naijua, nimeipigia hesabu, ya kweli bado ingenipa kama 32,000. Hii imenipa sehemu ya kumi. Huo si upotevu, huo ni wizi.

Nikaipeleka kwa mama anayeuza samaki wakavu hapa kona, nikamwomba mizani. Gramu 520. Seli nzuri ya 18650, zile za duara za kwenye laptop, ina kama 3,500 mAh na uzito wa gramu 47 hivi, kufikisha 50,000 unahitaji seli 15, hizo peke yake zinapita gramu 700 kabla hujaweka bodi na ganda. Ningekuwa na mizani dukani ningejua bila kupima umeme wowote. Sasa pawabenki inanuka samaki na hasira yangu imefika shingoni, nikachukua kisu nikapasua ganda.

Ndani kuna seli moja bapa ya simu, moja! Imegandishwa kwa gundi upande mmoja. Upande wa pili kuna tofali dogo la kijivu limeviringishwa selotepu nyeusi vizuri kabisa, kona zimenyooshwa, nikakwangua kwa kucha ukatoka unga. Saruji. Mtu amekaa kiwandani akakoroga saruji, akaimimina kwenye kifomu, akasubiri ikauke, akaifunga selotepu. Hiyo bidii yote si angeweka seli nyingine tu? Na bodi yake ya kuchaji haina hata ulinzi wa maana, seli ikichoka inashuka mpaka inakufa yenyewe.

Nikapiga simu dukani. Kwanza hawanikumbuki. Nikawatumia picha. Wakanikumbuka. Kijana akasema sebo soma risiti, mali ikiuzwa hairudishwi. Nikamwambia mali gani, mimi nilinunua betri umeniuzia ujenzi. Akasema halafu wewe umefungua, ukifungua waranti imekufa. Banange! Kwa hiyo nisipofungua sijui kama kuna saruji, nikifungua nikaiona saruji, kosa ni langu kwa kufungua. Nikauliza waranti yenyewe ni ya muda gani, akakata simu.

Sijamaliza, kuna zile waya za 120W.

Mwalimu mmoja jirani aliniletea simu nikaiweka kwenye hiyo waya mpya, nikijisifu kimoyomoyo kwamba leo atachukua mapema. Baada ya saa nne simu iko 30. Akaniangalia kama nimemla 500 yake. Nikamrudishia, na aibu juu. Nikapima: upande wa chaja volti 5.1, upande wa simu ikivuta ampea 1 ni 4.3. Volti 0.8 zimeliwa na waya! Nikaikata katikati, ndani kuna nyuzi tatu tu, mbili za umeme na moja ya kuiambia chaja kuna simu, zote nyembamba kama za kushonea shati, za data hakuna kabisa, zilizobaki ni mpira mnene wa kukudanganya mkono. Waya wa namna hiyo ukiulazimisha ampea 5 utachoma wati 20 ndani yake wenyewe, utapiga nao pasi. Na sheria ya type-C kwa type-C iko wazi, waya wa kupita ampea 3 lazima uwe na kachipu ndani ya kichwa kanakojitambulisha kwa chaja. Nimevunja vichwa vyote viwili nikatafuta na lenzi. Kachipu hakuna, hata nafasi yake hakuna.

Na bado nashukuru, maana kuna injinia wa Google, Benson Leung, alikuwa anajaribu waya za type-C za mtandaoni, mwaka 2016 akachomeka moja ambayo ndani chanya na hasi vimebadilishana, ikamuulia laptop yake ya Chromebook Pixel na vifaa vyake vya kupimia hapo hapo. Yangu angalau ilikuwa mvivu tu.

Nisionekane malaika, taa yangu ya type-C niliyotengeneza mwenyewe nayo ilikuwa haichaji kwa chaja ya kichwa cha C, nikaitukana chaja siku mbili. Kumbe mimi ndiye sikuweka zile rezista mbili za 5.1k, chaja haikujua kama kuna kitu kimechomekwa. Hapo nilikosea, nikalehemu, ikawaka. Kukosea nakuelewa. Kukoroga saruji si kukosea.

Na tafadhali asije mtu hapa na rahisi ghali, rahisi ghali. 70,000 kwangu ni simu 140 za watu nimezichaji. Hiyo si rahisi. Nikisema ninunue "orijino" mnaniambia niende wapi, maana kila duka pale lina karatasi ya orijino mlangoni. Anayejua mtu anayeuza seli za kweli na anakubali upime mbele yake, aandike hapa chini, nitapanda basi tena.

Jioni hii nimelifunga lile tofali kwenye boksi lake lilelile, nimeweka risiti na vipande vya waya, juu nimeandika jina la duka na MALI YENU kwa kalamu nyeusi. Mzigo nimelipia 5,000, basi limeondoka saa mbili. Seli nimebaki nayo, nimeichaji inasoma volti 4.1, kesho inakuwa taa ya jikoni.