Mdogo wangu kachaguliwa chuo kikuu lakini moyo wake uko kwenye umeme. Nishaurini

Habari za jioni wakuu. Mdogo wangu kamaliza kidato cha sita, mchepuo wa HGE (Historia, Jiografia na Uchumi), divisheni ya tatu. Kachaguliwa kusoma digrii ya utawala wa umma Dodoma. Mkopo ukitoka nusu, ada inayobaki ni juu yangu.

Tatizo, dogo anataka ufundi umeme. Tangu kidato cha nne likizo zote yuko saiti na fundi mmoja hapa Kihonda. Mwezi uliopita soketi za chumbani kwa mama zilikufa. Akazima meni swichi, akafungua kiboksi juu ya mlango, akanionyesha waya mbili zimesokotwa tu, tepu imeungua hadi nyeusi. "Kaka, huyu hakukaza." Akakata, akaunga upya, akapima na testa. Sijawahi kumwona na uso ule mbele ya daftari.

Baba hataki kusikia VETA, vyuo vya ufundi stadi. "Sikuuza kiwanja ili uje kupanda dari za watu." Na mimi mwenye digrii tangu 2018 niko kwenye kibanda cha uwakala wa fedha, kwa hiyo nikiongea anaona nimekata tamaa. Nifanyeje?

Mpwa wa Ilala: Aende chuo mkuu. Matangazo ya ajira yanataka digrii. Umeme atafanya wikiendi.

Fundi Nyakato: Mimi ni fundi umeme Mwanza, naomba unisikilize vizuri. Usiulize digrii au VETA, uliza dogo atashika karatasi gani. Mteja akiomba umeme TANESCO, fomu ya wayaringi inatakiwa isainiwe na mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Kama huna leseni, unachimba ukuta, unalaza bomba, unavuta waya nyumba nzima, halafu unaenda kumtafuta mwenye muhuri na kumkatia chake. Nimeishi hivyo miaka tisa. Kazi yangu, jina la mwingine. Nilipopata cheti cha VETA ndipo nikaanza safari ya leseni yangu mwenyewe. Na kwa kuwa tayari anajua kazi, aulizie pale VETA Kihonda habari za kurasimisha ujuzi: wanampima mtu aliyejifunzia mtaani na kumpa cheti. Asibaki fundi wa kuitwa tu.

Mama Zuhra: Mwanangu, kidato cha nne alipata nini Fizikia, Kemia na Hesabu?

Mleta uzi: Shikamoo mama. Fizikia C, Kemia C, Hesabu D.

Mama Zuhra: Marahaba. Basi HGE haijamfungia mlango. Diploma ya uhandisi umeme inaangalia hayo matokeo ya kidato cha nne. Mwombeeni DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam) au Chuo cha Ufundi Arusha, ni miaka mitatu, na akifaulu vizuri anaendelea na digrii ya uhandisi. Someni mwongozo wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, wiki hii hii, dirisha la maombi halisubiri mtu.

Mpwa wa Ilala: Hilo sikulijua. Nafuta ushauri wangu.

Karani wa Mkopo: Niongeze kuhusu pesa. Mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, ni deni: akiajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara hadi liishe. Kulibeba kwa fani asiyoipenda kunauma, mimi nakatwa hadi leo. Tangu 2023 wanakopesha na wa diploma kwa baadhi ya fani, angalieni kama umeme umo.

Fundi Nyakato: Na mzee usibishane naye nyumbani. Mpeleke aone kazi.

Mleta uzi: Asanteni sana, nimesoma yote na dogo akiwa pembeni yangu. Matokeo yake ya kidato cha nne nimeshayatoa kabatini. Jumamosi wanawasha umeme nyumba ya mjane mmoja huku juu, dogo ndiye aliyevuta waya za vyumba vitatu. Nimemwomba baba anisindikize, sijamwambia tunaenda wapi. Amekubali.