Naomba ushauri: kinu cha posho kinakataa kuwa kinanda

Ntinda_Ngoma: Salaam wakuu. Naunda ala ya kompyuta kutokana na sauti za mashine: kinu cha posho cha umeme pale Kisenyi na nyundo za mafundi vyuma wa Katwe, hapa Kampala. Nimerekodi kwa 48 kHz, biti 24, halafu napanga faili za SFZ (maandishi yanayoiambia programu sauti ipi ilie kwenye noti ipi) ndani ya Sforzando, programu ya kuzipiga kwa kinanda. Lupu ya kinu (kipande kinachojirudia) inayumba kama kaseti yenye betri zilizochoka, na kila ikirudi mwanzo inatoa "tik". Nikipanda juu kwenye kinanda, kinu kinageuka mbu. Nyundo nazo nikizipiga haraka zinalia kama bunduki. Nimekosea wapi?

Jinja_Mota: Ndugu, kuyumba kumeanzia kinuni, si kwenye kompyuta. Mota ya nguzo nne za sumaku kwenye umeme wetu wa hetzi 50 huzunguka karibu mara 1,490 kwa dakika ikiwa tupu. Ikila mahindi hushuka hadi 1,440 hivi. Hizo ni senti kama 60 za muziki (senti 100 ni nusu-toni moja), zaidi ya nusu ya nusu-toni! Mngurumo wa sumaku wa hetzi 100 haushuki, unafuata umeme, ndiyo maana unasikia sauti mbili zikigombana. Rekodi ya mtu anayemimina debe baada ya debe haifungiki lupu.

Mwombe mwenye kinu sekunde 40 kikiwa kitupu na 40 kikilishwa sawasawa. Zipange tabaka mbili, uvuke kutoka moja hadi nyingine kwa gurudumu la modulesheni, lile la pembeni ya kinanda. Hapo utamu umeingia: mkono wako ndio unaomwaga mahindi.

Kuhusu "tik", kata sekunde 4 hadi 6, anza na kumaliza pale wimbi linapovuka sifuri, kisha andika loop_crossfade=0.3, ili mwisho uyeyukie mwanzoni kwa sekunde 0.3. Kama mkanda unaozungusha kinu una kiungo, utasikia "ta… ta… ta…". Lupu ibebe mizunguko kamili ya mkanda, la sivyo itachechemea.

Ntinda_Ngoma: Asante ssebo. Na mbu?

Jinja_Mota: Usipoandika noti ya mzizi, yaani noti ambayo rekodi inalia bila kuvutwa, programu inachukulia ni 60, yaani C ya kati. Hetzi 100 ziko senti 35 juu ya G2, kwa hiyo pitch_keycenter=43 na tune=-35. Usivute sampuli moja zaidi ya nusu-toni 5 kwenda juu. Sauti ya jenereta pima upya, hetzi zake hupandashuka.

Nyundo_Tamu: Bunduki inatokana na pigo lilelile kurudiwa. Kila chuma kipige mara 4 kwa nguvu 3 tofauti, jumla 12, halafu andika seq_length=4 na seq_position kutoka 1 hadi 4, ili mapigo yapokezane. Usisawazishe sauti zote ziwe kubwa sawa, utaua tofauti uliyoitafuta. Unaporekodi, vilele vya sauti viishie desibeli -12. Ncha ya nyundo ni kali kuliko mshale wa kipimo unavyoonyesha. Zima geini ya kujirekebisha, maana chuma kikinyamaza tu inavuta boda boda zote za barabarani. Mlio ufe wenyewe kabla ya pigo linalofuata.

Waya_Mwekundu: Ongeza kidude cha piezo cha milimita 27 (kisahani kinachogeuza mtetemo kuwa umeme), ukibane kwenye fremu ya kinu kwa klampu. Gundi laini inameza sauti za juu. Usikichomeke kwenye tundu la laini (line in) la kilo-omu 10: piezo hiyo ina takriban nanofaradi 20, kwa hiyo kila kilicho chini ya hetzi 800 kitapungua na utabaki na bati linalokereza. Tumia tundu la gitaa la mega-omu 1, besi itafika.

Nyundo_Tamu: Na kinuni funika maiki kwa soksi nyembamba. Unga ukikutana na jasho la mkono unakuwa uji ndani ya matundu yake, na hautoki kwa kupuliza.